Mwalimu wa Kemia na Kipindi cha Sala

Jumapili, 19 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mikono yako haijaungua tena na ile mashine ya kuokea hostia, mikate ya misa. Sisi huku wazima. Mama nilimwona wakati wa likizo. Goti bado linamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Ameshanunua kitambaa cha gauni atakalovaa siku ya nadhiri zako za daima. Agosti iko mbali, yeye amekwisha kuwaalika majirani, wanakwaya, fundi baiskeli na hata yule mama jirani anayemnunia tangu mwaka juzi. "Binti yangu anaolewa na Mungu," anawaambia, "mtaachaje kuja?"

Sasa ngoja nikupe kichekesho cha mwaka. Mwalimu wetu wa dini amehamishwa. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akanikaribisha kiti, nikajua kuna jambo, maana yule bwana huwa hakaribishi mtu kiti. Akasema, "Wewe dada yako si mtawa?" Nikasema ndiyo. "Basi utashika Elimu ya Dini ya Kikristo kidato cha pili mpaka tupate mtu." Nikamwambia mimi ni mwalimu wa kemia, na kuwa na dada mtawa hakunipi haki ya kufundisha dini, kama ambavyo kuwa na mjomba daktari kusingenipa ruhusa ya kupasua watu matumbo. Akacheka sana, kisha akanikabidhi kitabu cha mwongozo na boksi la chaki.

Kwa hiyo sasa nafundisha imani, ubatizo, kufunga, sala na meza ya Bwana, katika chumba kile kile kinachopakana na maabara, nikinuka asidi. Watoto wanatoka makanisa mbalimbali. Juma la kwanza tu walishikana mashati kwa maneno juu ya ubatizo, hawa wanasema wa kuzamishwa, hawa wanasema hata matone yanatosha. Nikawaambia kwa upande wa kemia maji ni maji, yawe tone au pipa. Wakapiga makofi. Kuna msichana anakaa mbele, wenzake wanamwita Kwanini kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni maji tu, kwa nini basi tunabatizwa?" Kengele ikaniokoa.

Nisaidie, dada. Niandikie unayoyajua, kwa lugha ya watoto wa umri huo. Simu yenu iko sebuleni mwa Mama Mkuu wa shirika, na mambo haya siwezi kukuuliza huku yeye ametega sikio.

Mimi mdogo wako,
Mchungaji wa Maabara (ndivyo walimu wenzangu wanavyoniita siku hizi)


Jumapili, 2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwenye karakana ya hostia, nikacheka mpaka nikaunguza hostia za mashine nzima. Sista mzee ninayefanya naye kazi aliuliza kuna nini, nikamwambia mdogo wangu wa kiume amekuwa mwalimu wa dini. Akaniuliza, "Yule uliyesema alilala kwenye misa ya nadhiri zako za kwanza?" Nikamwambia huyo huyo.

Hapa tuna kazi nyingi. Kwaresima inakaribia na maparokia yanaagiza hostia kuliko kawaida. Unga na maji tu, hakuna kingine, lakini uji ukiwa mzito kidogo hostia zinapasuka, ukiwa mwepesi zinashika kwenye chuma. Ungefaa hapa wewe na vipimo vyako.

Haya, tuje kwenye somo. Msichana wako ameuliza vizuri, usimkwepe. Mwulize: pete ya ndoa si chuma tu? Mbona mtu akiipoteza anageuza nyumba juu chini? Maji ni maji, ni kweli. Lakini mtu ameitwa kwa jina lake mbele za watu, na watu wakasema, huyu ni wetu. Hapo maji si maji tu tena.

Kufunga usikufanye mashindano ya njaa. Waulize chakula wanachokiacha kinakwenda kwa nani. Kama kinabaki kabatini kikingoja jioni, huko ni kuahirisha chakula tu.

Na sala usianze kwa kuwaandikia maana ubaoni. Waache kwanza wakae kimya kidogo, pasipo kusoma wala kuandika, waone jinsi ilivyo kazi mtu kukaa na nafsi yake.

Na wewe je, unasali? Tangu baba afariki sijakusikia ukitaja kanisa. Siulizi kwa ugomvi.

Mwambie mama asiharakishe na hilo gauni. Mtu hunenepa, mtu hukonda.

Dada yako


Jumapili, 23 Februari

Dada,

Shikamoo tena, na asante. Sisi wazima, isipokuwa sinki la maabara limeziba na kila nikimwaga kitu kinarudi kuniangalia. Mama anakusalimu. Gauni limeshakatwa, umechelewa. Anauliza shirika linaruhusu wageni wangapi, maana kwa hesabu yake basi moja halitatosha. Amesema alikuuliza kwa simu ukamwambia mtandao unakatika.

Pete yako imefanya kazi kubwa kuliko kitabu cha mwongozo. Darasa lilitulia, mmoja akasimulia jinsi mama yake alivyokoroga choo kwa ufagio akitafuta pete. Hata waliokuwa wakigombana walicheka pamoja. Kisha nikawapa ule ukimya wako. Mwanzoni walichekacheka, baadaye wakanyamaza kweli, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, "Haya, imetosha." Sikupenda ule ukimya. Nilihisi kama nimeacha kitu jikoni kinaungua.

Hapo Kwanini akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe huwa unasali?" Nikawaambia tufungue kitabu sura inayofuata.

Maana ya sala nikaiandika ubaoni hata hivyo, kwa sababu mtihani utaiuliza: Sala ni mazungumzo kati ya mtu na Mungu. Wakainakili. Nikawapa jaribio, wakafanya vizuri ajabu, Kwanini hakukosa hata swali moja. Mkuu wa shule amefurahi, anasema sasa haoni haraka ya kutafuta mwalimu mwingine. Nimejichimbia shimo.

Niambie kuhusu wageni, mama asije akanikaba mimi.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kwaresima imetubana, tunaoka tangu asubuhi. Sista mzee amepata homa na mashine nimebaki nayo peke yangu. Nimefurahi kusikia watoto wanaelewa.

Kuhusu wageni nitawajulisha.

Swali langu la barua ile hukulijibu. Sikulaumu. Hata mimi nina langu ambalo sijajibu.

Dada yako


Ijumaa, 11 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini Sista mzee amepona na umepumzika mikono. Barua yako ilikuwa fupi mno, mama alidhani nimeficha kurasa nyingine. Nilimsomea kila neno isipokuwa ule mstari wa mwisho, kwa sababu sikuuelewa.

Nina jambo linalonikosesha raha na sina mwingine wa kumweleza. Mama yake Kwanini aliugua ghafla, akalazwa. Habari tulizipata katikati ya kipindi cha dini. Kiongozi wa darasa, mvulana wanayemwita Spika kwa sauti yake, alisimama akasema, "Mwalimu, tunaomba utuongoze tumwombee mama wa mwenzetu." Darasa zima likasimama. Hawakuambizana, walisimama tu. Kwanini naye akasimama, ameshika ukingo wa dawati kwa mikono yote miwili, ananitazama.

Dada, nilitazama saa. Nikasema kengele inakaribia kulia, basi kila mmoja akamwombee mahali pake kwa utaratibu wa kanisa lake. Nikafuta ubao. Kengele haikulia mara moja. Tulikaa vile, wao wamesimama, mimi nafuta ubao ulioshakuwa safi.

Mama yule alifariki mwisho wa juma lile. Tulikwenda kuzika. Nilisimama nyuma pamoja na walimu wengine, na msichana alipopita mbele yangu aliniamkia kwa adabu zote, kama anavyomwamkia mwalimu yeyote.

Amerudi shuleni. Anaandika kazi zake na kunyanyuka anapoitwa. Lakini hajauliza swali lolote, si kwangu wala kwa walimu wengine. Mwalimu wa hisabati ameniambia anashukuru, sasa anamaliza vipindi kwa wakati. Nilitoka chumba cha walimu ili nisimjibu vibaya.

Niambie, siku ile ningesema nini? Wewe ndiye unayeyajua haya. Ungekuwa wewe umesimama pale mbele, ungesema nini?

Nangoja jibu lako.

Mdogo wako


Jumamosi, 10 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimeuliza posta, wakaniambia barua za upande wenu zinafika kama kawaida. Mama alipiga simu huko, Sista aliyepokea akasema upo kwenye mafungo ya sala. Mama akaniuliza mafungo gani hayo yasiyokwisha, nikamwambia ni maandalizi ya nadhiri. Nimesema uongo au sikusema? Sijui, ndiyo maana nauliza.

Hapa mambo yameongezeka. Kwanini alinifuata mwanzoni mwa mwezi, akaomba asiingie tena kipindi cha dini. Nilikwenda kwa mkuu. Akasema somo liko kwenye mtihani na mwanafunzi hachagui kama ananunua nyanya gengeni. Nikamwambia basi kipindi hicho atanisaidia usafi wa maabara, na kwenye mahudhurio ataonekana yupo, kwa sababu vyumba vinapakana na mlango huwa wazi. "Wewe ndiye mwalimu wa dini," akasema, "uamuzi ni wako." Kwa jinsi alivyolisema, sikuona kama ni ruhusa.

Kwa hiyo mimi nafundisha upande huu, yeye upande ule anaosha mirija ya kioo. Namsikia akiigonganisha. Juzi nilibaki naye baada ya wenzake kutoka. Nikamwuliza kama ana lolote analotaka kusema.

Akasema, "Hapana, mwalimu."

Nikamwambia, "Zamani ulikuwa na maswali."

Aliukausha mrija mmoja taratibu, akauweka mahali pake. "Ulituandikia kwamba sala ni mazungumzo kati ya mtu na Mungu. Mimi nilishika, kwenye jaribio nilipata yote. Halafu siku tulipotaka kuzungumza naye, ukasema kengele."

Yeye akaendelea, wala hakupandisha sauti: "Sisemi mama angepona. Najua watu wanaombewa na wanakufa. Nilitaka tu mtu mzima aseme kitu."

Akakamua kitambaa, akakianika, akaomba ruhusa ya kuondoka.

Dada, nakuomba uandike. Hata mstari mmoja. Niambie mtu anaanzia wapi.

Mdogo wako


Jumapili, 8 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Barua zako zote mbili zilifika. Sikuwa kwenye mafungo, wala siumwi. Sista mzee amepona, anakusalimu.

Uliponiuliza mimi ningesema nini mbele ya wale watoto, nilichukua karatasi siku ile ile. Maneno mazuri ninayo mengi, nimeyasikia na kuyarudia miaka yote hii. Niliandika ukurasa mzima, nikausoma, nikauchana. Nikaandika mwingine. Kila nilichokiandika kilikuwa sahihi, na hakuna hata kimoja ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakisema kwa moyo. Nikaona siwezi kukutumia uongo umpelekee mtoto aliyefiwa.

Nitakuambia ilivyo. Tangu Kwaresima ya mwaka jana, nikipiga magoti ni kama kushika simu iliyokatwa. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Nikapewa likizo, nikarudi vile vile. Nikamweleza Mama Mkuu. Akaniambia watu wengi hupita hapo, nivumilie, na mimi nikavumilia. Asubuhi naingia kanisani na wenzangu, naimba zaburi, mdomo unakwenda sawasawa. Kisha naingia karakana, naoka vile vinavyokwenda kuwekwa kwenye ndimi za watu, na mikono inafanya kazi yake vizuri kabisa. Ndani kimya. Nilipokushauri uwape watoto ukimya, nilikuwa nakupa kitu pekee nilichokuwa nacho.

Nadhiri zangu za muda zinakwisha mwezi wa Julai. Sitazirudia, na zile za daima sitaziweka. Nimekwisha kumwambia Mama Mkuu. Alilia kidogo, akanishika mikono, hakunigombeza. Ningependelea angenigombeza.

Siondoki kwa ajili ya mwanamume, useme hivyo kabla hujaulizwa. Sikugombana na mtu. Siwezi tu kusimama mbele ya watu nikaahidi maisha yangu yote kwa Mtu ambaye kwa sasa simsikii. Labda yupo. Nadhani yupo. Lakini kuapa ni jambo lingine.

Nina ombi moja. Mwambie mama. Wewe anakusikiliza, na kwa simu ile ya sebuleni siwezi.

Dada yako


Jumapili, 15 Juni

Dada,

Mama hajambo. Gauni limekamilika, linaning'inia kwenye msumari chumbani kwake, kila mgeni anaonyeshwa.

Miezi yote hii nimefundisha kwa mdomo wako. Pete ni yako, ukimya ni wako, hata kufunga ni kwako. Watoto wale wananiamini kwa sababu ya maneno yako, na wewe ulikuwa unajua. Ungeniambia Februari ningemrudishia mkuu kitabu chake, na siku ile pengine angekuwepo mtu mwingine mbele ya darasa.

Mama sitamwambia. Ulipoingia hukunituma, na unapotoka usinitume.

Mdogo wako


Jumapili, 6 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika hata kama barua yangu ya mwisho uliichana. Niliituma hasira ikiwa bado ya moto. Nilipoitumbukiza tu kwenye sanduku nilitaka kuirudisha, nikabaki pale nimeingiza vidole kwenye tundu mpaka mlinzi wa posta akaniuliza natafuta nini.

Sikukasirika kwa ajili ya watoto. Nilikasirika kwa ajili yangu. Uliniuliza kama nasali. Sisali. Tangu tumzike baba sijasali, wala sijajaribu. Nilijiambia dada yupo, yeye anasali kwa niaba ya nyumba nzima, kazi hiyo imepata mwenyewe. Nilikukabidhi kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo, halafu akasahau kwamba nyumba ni yake. Sasa unaniambia na wewe umesimama nje ya mlango. Niliogopa, dada. Ndiyo yote yaliyokuwa kwenye barua ile.

Sasa nikusimulie yaliyotokea Jumatano ya juma lililopita. Mada ilikuwa aina za sala. Nilianza kuandika ubaoni: sala ya sifa, sala ya shukrani, nikafika sala ya kuombea wengine, chaki ikanigomea. Upande wa pili nasikia mirija inagongana. Nikafunga kitabu.

Nikawaambia: "Mwishoni mwa Machi Spika aliomba tumwombee mama wa mwenzenu. Nikasema kengele. Haikuwa kengele. Mimi sijui kusali mbele za watu, na kwa muda mrefu sijasali hata peke yangu. Ninawafundisha kitu nisichokifanya. Anayeweza, anifundishe."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesimama pia. Spika, ambaye huwa hakosi la kusema, alikuwa anatazama meza. Nikafikiri, hapa nimejivua nguo bure, kesho nitaitwa ofisini. Mwishowe akasimama mvulana mmoja wa nyuma kabisa, wanayemwita Babu kwa jinsi anavyotembea taratibu. Sijawahi kumsikia akijibu swali. Akafumba macho.

"Mungu," akasema, "tumechelewa." Nikadhani amemaliza. "Mama yake ameshakufa, hatujui sasa tunaomba nini. Basi uwe naye yeye mwenyewe. Na mwalimu. Na sisi tuliokaa kimya siku ile, hata sisi tungeweza kuanza." Akakwama. Mtu mmoja akaguna kicheko, akajikatiza mwenyewe.

Nikahisi nyuma yangu mirija imenyamaza. Kwanini alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa kati, mikono inachuruzika maji. Akataja jina la mama yake, jina kamili, kama mtu anavyoitwa kwenye dirisha la hospitali. Kisha akasema, "Alikuwa msusi. Alikuwa anaimba akisuka." Basi. Darasa likasema amina, na mimi nikasema. Yeye akageuka akarudi kwenye sinki.

Sikuitwa ofisini, au bado. Juzi Kwanini amerudi kwenye dawati lake bila kuniomba ruhusa na bila kunieleza. Hajauliza kitu. Ila nilipokosea kunakili aya ubaoni alitoa sauti ya kukereka, kama zamani, nami nikafuta nikaandika upya.

Kuhusu mama msimamo wangu haujabadilika, kwa sababu tofauti sasa. Hili ni la kwako kulisema. Lakini niambie siku utakayotoka. Nitakungoja stendi, twende wote. Sitafungua mdomo, nitabeba begi tu.

Mdogo wako anayekupenda


Jumapili, 3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na usikasirike. Kama unavyoona kwenye bahasha, barua hii inatoka nyumbani kwa mama. Nilitoka siku nadhiri zilipokwisha na sikukuambia. Ningekuona stendi, ningepanda nawe kurudi kwako shuleni, nikajificha nyuma ya makabati ya maabara, na mama angeyasikia kwa watu.

Barua yako ya hasira sikuichana. Ulikuwa na haki nusu. Ile ya Julai niliisoma karakana, na nilipofika kwa yule mvulana nikazima mashine. Sista mzee aliniuliza tena kuna nini. Nikamsomea. Akasema, "Huyo mtoto amenipita." Tuliagana vizuri, yeye na mimi. Alinifungia vipande vya hostia visivyofaa, vile vya pembeni, nile njiani.

Nilimkuta mama uani akichambua maharage. Aliniona, akaona nimevaa sketi ya kawaida, kichwa kitupu, begi mkononi. Hakuinuka.

"Umefukuzwa?"

"Hapana, mama."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Basi unaumwa, wamekurudisha nikuuguze."

"Siumwi, mama. Nimeshindwa kuapa."

Akauliza nimeshindwa nini, kusimama au kusema. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Alisikiliza huku anachambua, na maharage mazuri akawa anayatupa pamoja na mawe. Nilipomaliza akachukua ungo, akaingia ndani.

Siku zilizofuata hakuniambia neno. Ananipakulia, anafunika sahani, anaondoka. Gauni alilitoa kwenye msumari, sijui ameliweka wapi na sijathubutu kuuliza. Nilianza kufikiri ungenipa nafasi kwako hata jikoni. Nilifagia uwanja ambao hauna takataka. Nikafua mapazia. Kila aliyepita alipiga hodi kuomba chumvi, lakini macho yalikuwa kwangu.

Juzi akaja yule jirani aliyekuwa amenuna. Akakaa, akaniangalia vizuri juu mpaka chini, akamwambia mama kwa sauti ya pole, "Tumesikia harusi imevunjika."

Mama akasema, "Harusi imevunjika. Binti hajavunjika. Unakunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

Yule mama alikunywa chai yake, akaaga mapema. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika kikombe kitupu. Nilidhani sasa mama ataongea na mimi, lakini hakuongea. Alikwenda kulala.

Leo, jua halijachomoza vizuri, nikasikia mtu anavuta shuka yangu. "Amka tusali."

Kama tulipokuwa wadogo, unakumbuka, wewe ukijifanya umelala. Nikasema, "Mama, sijui kama nitaweza."

Akasema, "Nimekuuliza kama unaweza? Nimekwambia amka."

Nikaamka. Yeye alikaa kitandani, mimi nikapiga magoti sakafuni kando yake. Akaanza kwa sauti ile ile, kama anasoma orodha ya sokoni. Akamwombea marehemu baba. Akaombea paa la jikoni. Akakuombea wewe, uoe kabla hajazeeka zaidi, na mkuu wako wa shule akuletee mwalimu wa dini. Akawaombea majirani kila mmoja kwa shida yake, hata yule wa chai, ingawa kwake alikwenda haraka. Akafika kwangu, akanyamaza.

Nikasikia jogoo wa nyumba ya pili na mtu anavuta ndoo. Nilidhani analia, nikainua macho. Hakuwa analia, alikuwa anatafuta neno, uso umekunjamana kama anapotafuta tundu la sindano. Kisha akasema, "Na huyu hapa. Wewe unajua." Akaendelea kuwaombea kuku.

Alipomaliza nilisema amina. Usije ukawaambia wanafunzi wako kwamba dada yako amepata muujiza, sikuhisi chochote. Niliisema tu, na sikuona kama nasema uongo. Ni muda mrefu sijasema amina ya namna hiyo.

Sijui nitafanya kazi gani. Kuna kiwanda cha mikate karibu na stendi, nitakwenda kuuliza. Kwa sasa nina mapazia ya kurudisha madirishani, na mama ananiita nimshikie ngazi.

Njoo ukipata nafasi. Utalala sebuleni, na asubuhi atakuamsha na wewe.

Dada yako